Taa Juu ya Kitanda cha Jirani

Maneno yenyewe yalisemwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na hata hakuambiwa Nyamizi. Mwanamke mmoja wa wodi ya pili alikuwa anakamua shuka, akamwambia mwenzake, "Wale wa selimundu hawapewi damu siku hizi. Ile mashine imefundishwa iwaruke. Watoto wa kurudirudi hao, wamwagiwe damu ya nini?" Mwenzake akaguna, "Makubwa!" Wakabeba beseni lao, wakaenda zao.

Nyamizi akabaki amesimama na kibanio cha nguo mkononi. Mwanawe Shija, wa miaka saba, alikuwa na selimundu tangu kuzaliwa, na ndiye huyo aliyelazwa naye wiki ile kwa maumivu ya miguu. Tangu hapo maneno yale yakamganda kama kupe. Akila, yapo. Akisali, yapo. Akimtazama mwanawe usingizini, macho yake ya njano yamefumba nusu, yapo.

Wodi ya watoto ya hospitali ile ya Mji Mpya wa Malagarasi ilikuwa na vitanda vya kutosha, na juu ya kila kitanda taa moja ndogo ya rangi ya zafarani. Mwisho wa wodi, ukutani, palikuwa na kioo cheusi kipana kama mlango. Kioo hicho ndicho kilichoamua nani aongezwe damu na nani asubiri. Hakikuwa na sauti. Kikiona mtoto anahitaji, taa ya kitanda chake iliwaka, na nesi akashuka chini kwenye mtungi wa damu kuleta mfuko. Jina lake la kazi lilikuwa Mwamuzi. Lakini akina mama walimwita Bwana, kwa kuwa yeye alikuwa mmoja na wao wengi, na kila siku alijichagulia mwenyewe pa kwenda.

"Haya, Bwana leo kaamkia wapi?" Bi Kashindye aliuliza kila asubuhi akijinyoosha mgongo. Yeye alikuwa bibi, anamuuguza mjukuu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Kwa Sikudhani."

"Tena? Jamani, hata zamu hapati mtu? Sikudhani, hebu tuambie unajifukiza udi gani, na sisi tukatafute."

Wodi nzima ikacheka. Sikudhani naye akacheka, akafunika uso kwa upande wa kanga. Nyamizi alibetua midomo tu.

Maana Sikudhani ndiye aliyekuwa kitanda cha jirani. Binti yake Tunu, wa miaka tisa, alikuwa na kichocho cha muda mrefu kilichoharibu ini, mishipa ikamvimba ndani ya koo la chakula, na ikipasuka alitapika damu. Mtoto mgonjwa kweli, Nyamizi hakubisha. Lakini tazama mambo mengine. Sikudhani alikuwa na mume aliyekuja kila jioni na chupa ya chai, akakaa, akamkuna binti yake kichwa, akacheka. Mume wa Nyamizi alifika mara moja, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba, akaaga. Kanga za Sikudhani zilinukia sabuni. Nywele zake zilisukwa. Hata uji wa jikoni, akipanga yeye foleni, ulikuja na sukari.

Na sasa taa.

Miguuni pa kila kitanda palikuwa na kidirisha kilichoonyesha namba ya wingi wa damu na mwendo wa moyo. Cha Shija kilisema saba. Cha Tunu kilisema tisa. Nyamizi aliishia darasa la saba, lakini saba na tisa alizijua. Taa ikawaka kwa wa tisa. Ikawaka asubuhi ile, na ilikuwa imewaka jana yake. Sista Kabula akapita na mfuko mwekundu mikononi kama mtu aliyebeba keki ya harusi, akampita Shija, akaenda kwa yule.

Mbele ya macho yake Nyamizi, tena. Roho ikamuuma mpaka akaisikia kwenye meno.

*

Daktari Mlekwa alikuwa mwanamama mrefu, mwenye haraka, anayesimama kitandani kama yuko njiani. Nyamizi alimvizia kwenye ukumbi, karibu na sinki.

"Daktari, shikamoo. Naomba kuuliza. Saba na tisa, ipi kubwa?"

"Marahaba, Mama Shija. Tisa."

"Basi mbona wa tisa anapewa na wa saba ananyimwa?"

Daktari akafunga bomba, akajifuta mikono taratibu kuliko kawaida yake. "Saba ndiyo nyumba ya Shija, mama. Kazaliwa na selimundu, mwili wake umezoea kuishi hapo. Akiwa mzima, yuko nyumbani, anacheza, ukimpima ni saba. Leo nimemkuta anamfukuza paka huko nje. Moyo wake umetulia, pumzi nzuri. Amekuja kwa maumivu, na maumivu tunayatibu. Hajapungukiwa damu kuliko siku zote."

"Na Tunu?"

"Tunu alikuwa kumi na moja juzi. Anamwaga. Na mtu akimwaga ghafla, namba huchelewa. Inaweza kusoma tisa wakati mtoto anakwisha. Moyo ndio unaotangulia kusema, unakwenda mbio kama unafukuzwa. Ndiyo maana Mwamuzi haangalii namba peke yake. Anaangalia mtoto ametoka wapi, anashuka kwa kasi gani, na mwili unavumiliaje."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Maneno yaliingia, lakini yalikuta chumba kimejaa.

"Na akiongezwa kidogo tu? Nusu?"

"Wa selimundu akijazwa damu wakati hahitaji, inakuwa nzito. Inapita kwa shida kwenye vimishipa vya kichwa. Damu si uji, mama, kwamba ukiongezewa bakuli utanenepa." Akatabasamu. Kengele ikalia upande wa wodi ya pili, akageuka. "Una jingine?"

Lilikuwepo. Lile la kwenye kamba ya nguo. Ni kweli mmeifundisha iwaruke wanetu? Lilikuwa limekaa hapo hapo kwenye ncha ya ulimi. Lakini Nyamizi aliona koti jeupe limeshaanza kuondoka, akasema, "Hapana, daktari. Asante."

Akarudi kitandani. Kidirisha kinasema saba. Jirani, mfuko unadondosha, tone, tone, tone, na Sikudhani ameegemeza kichwa ukutani, anasinzia kama mtu aliyeshiba.

"Damu si uji," Nyamizi akasema peke yake, akafyonza. "Ya mwenzangu ndiyo uji."

*

Bwana aliwajua watoto kwa shanga. Kila mtoto alivishwa mkononi uzi wenye shanga chache nyeusi, na ndani ya shanga hizo mlikuwa na jicho la kusoma damu, moyo na pumzi kupitia ngozi. Hapo mwanzo, watu wa mjini walileta bangili za plastiki, akina mama wakazikataa, wakasema zinafanana na za wafungwa. Ndipo zikaja shanga, zikapendwa, maana mtoto kuvaa shanga si jambo geni. Shanga zote zilifanana. Jina la mtoto lilikuwa ndani, analijua Bwana tu. Kwa hiyo kila mama alichomoa uzi mmoja wa kanga yake akaufunga kwenye shanga za mwanawe, apate kuzitambua. Uzi wa Nyamizi ulikuwa wa zambarau. Wa Sikudhani ulikuwa wa njano.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichoziharibu shanga, nacho ni maji ya mwarobaini. Watoto wa wodi ile waliogeshwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mwarobaini, kwa ajili ya vipele, na rangi yake ililiziba lile jicho. Hivyo shanga zilivuliwa kabla ya kuoga zikatundikwa kwenye misumari ya bafuni, zikalala. Mtoto akishafutwa, akivishwa, zikapata joto la ngozi, zinaamka.

Waliozitengeneza huko mjini walidhani kila mama humwogesha wa kwake. Hawakujua desturi ya wodi ile. Maji yalichemshwa sufuria moja, na foleni ya uji ilikuwa saa hiyo hiyo, kwa hiyo akina mama walipeana zamu. Mmoja anaogesha watoto wa safu nzima, wengine wanakwenda jikoni. Hakuna aliyewahi kuogopa. Ukimpa mtu mwanao amwogeshe, umempa mwili wote, na hayo yalikuwa mambo ya kila siku, kama kupeana chumvi.

Siku ile zamu ilikuwa ya Nyamizi.

"Dada yangu," Sikudhani akamwambia akimkabidhi Tunu, "mfuko umeisha, kachangamka kidogo. Ila umsimamie, asije akaanguka. Mwenyewe kauliza tangu alfajiri kama ni zamu yako. Anaipenda mikono yako huyu, mimi hanitaki."

Namba ya Tunu kwenye kidirisha ilikuwa imeshuka mpaka saba na nusu, japokuwa aliongezwa. Nyamizi aliiona. Hakuifikiria kama hatari. Aliifikiria hivi: nusu tu. Kati ya mwanangu na huyu kuna nusu tu.

Bafuni mvuke ulijaa. Alimkalisha Tunu kwenye kigoda, akammiminia maji taratibu, akamziba macho kwa kiganja.

"Wewe huniingizi sabuni machoni," Tunu akasema.

"Mama yako je?"

"Mama! Mama anasugua kama anasugua sufuria iliyoungua."

Nyamizi akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha tumboni. Na akiwa bado anacheka akageukia misumari, akashika shanga za uzi wa njano kwa mkono mmoja na za zambarau kwa mwingine. Vidole vyake vikafungua fundo la kwanza. Vikafungua la pili. Hakuna aliyemshurutisha. Uzi wa njano ukahamia kule, wa zambarau ukahamia huku, zikafungwa tena vizuri, kama mtu anayerekebisha kitu kilichokuwa kimekosewa.

Alichowaza kilikuwa kifupi: Bwana hamtaki Shija kwa jina lake. Basi na amwone kwa mwili wa huyu. Mara moja tu. Mfuko mmoja, halafu zamu ijayo ninarudisha.

"Mama Shija, baridi," Tunu akasema nyuma yake.

"Nakuja, mwanangu," akajibu, akamfunga kanga, akamvisha shanga zenye uzi wa njano ambazo hazikuwa zake.

*

Walikuwa wamemaliza kula mchana taa ilipowaka juu ya kitanda cha Shija.

"Ehe!" Bi Kashindye akapiga makofi. "Bwana kahama! Mama Shija, ulioga nini leo?"

"Maji tu, bibi," Nyamizi akasema. Uso ulimchemka. Alitazama taa ile ya zafarani kama mtu anayetazama mgeni aliyechelewa miaka, ambaye watu walishamcheka kwa kumsubiri. Halafu akatazama kando, amwone mwenzake akikunja uso. Hilo ndilo alilolitaka hasa, na alijua. Alitaka kuona Sikudhani naye akimeza kile alichokuwa anameza yeye.

Sikudhani alikuwa amesimama, mikono kifuani, anatabasamu mpaka macho yamejaa machozi.

"Alhamdulillahi, dada! Na wewe umefikiwa. Na mimi wangu taa imezimika, moyo wake kwenye kidirisha umetulia. Siku tatu sijauona umetulia hivyo." Akamgusa Nyamizi bega. "Ngoja nikafue nguo za siku tatu, kisha nikaoge, na mimi ninuke kama mtu. Nilikuwa naogopa hata kwenda msalani."

Akatoka na taulo lake na beseni la nguo, akiimba kwa sauti ya chini.

Moyo uliotulia ulikuwa wa Shija. Nyamizi alijua hilo. Alikaa, akalaza mikono mapajani, akangoja mfuko.

Sista Kabula akaja, akatundika, akachoma sindano. Damu ikashuka kwenye mrija, nyekundu, nzito, yenye ubaridi wa mtungini. Haikutoka kwa mtu damu hiyo. Iliota yenyewe kule chini kwenye mtungi wa chuma, isiyo na kundi, ya kumfaa yeyote. Ila mtungi ulikuwa mvivu, hasa kiangazi, mifuko ya siku ikiisha hakuna mingine mpaka kesho. Nyamizi aliutazama mfuko ukinywea kidogo kidogo. Kila tone alilihesabu kama lililochukuliwa mdomoni mwa mtu.

Ulipofika nusu, Shija akasema, "Mama, kichwa kinauma."

"Vumilia, baba. Ndiyo nguvu inaingia."

"Kinagonga. Kama mtu anapiga mlango."

"Vumilia. Utalala sasa hivi."

Angemwita nesi. Nesi alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale, ungeweza kumwita bila kunyanyuka. Lakini nesi angeuliza, angefunga mrija, na nusu iliyobaki ingerudi. Nyamizi akampapasa mwanawe paji la uso, akanyamaza.

Kitanda cha jirani Tunu alikuwa amelala chali. Hakulalamika. Watoto wanaomwaga sana hawalalamiki, wanakuwa wapole. Bi Kashindye alipita akielekea dirishani, akamgusa mguu, akasimama.

"Huyu mtoto mbona wa baridi? Sikudhani yuko wapi?"

"Kaenda kufua na kuoga," mtu akajibu. "Kidirisha kinasema mzima, bibi. Moyo shwari."

"Kidirisha kiseme kinavyotaka. Mguu huu ni wa baridi."

Mfuko wa Shija ukaisha. Taa yake ilipaswa kuzimika. Haikuzimika, ilianza kupepesa haraka haraka. Sista Kabula akaja, akasoma namba miguuni, akakunja kipaji.

"Ajabu. Mfuko mzima umeingia na amezidi kushuka? Sita. Na moyo unakwenda mbio hivi?" Akamwinamia Shija. "Mbona midomo imekolea wekundu lakini?" Akafunua kope ya mtoto, akaitazama, akatazama taa, akaitazama tena kope. Miaka hii yote taa haikuwahi kukosea. "Labda anamwagia ndani. Naleta wa pili. Ndio wa mwisho leo, tuombe Mungu."

Akashuka, akarudi nao. Nyamizi alimwona akiutundika. Na ndani yake, wakati huo huo, mambo mawili yalikuwa yakisukumana. Moja lilisema, sema. Jingine lilikuwa na sauti tamu, likasema: wa mwisho, na umekuja kwako. Akisema, atafukuzwa mbele ya wote. Akisema, Sikudhani atarudi kutoka bafuni ananukia sabuni, atachukua na huu.

Alikuwa bado anaisikiliza sauti ile ya pili kikombe kilipoanguka.

Shija alikuwa ameshika kikombe cha maji kwa mkono wa kushoto. Kikamtoka tu. Hakukitupa. Vidole vilifunguka vyenyewe, maji yakamwagika kwenye shuka, na mtoto akautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Mama," akasema, na upande mmoja wa mdomo haukusogea. "Mkono huu umelala."

"Sista, usiunge!" Nyamizi akaruka, akaubana mrija kwa vidole vyote. "Usiunge! Uzi! Nimebadilisha uzi!"

"Uzi gani? Mama Shija, achia mrija."

"Uzi wa kanga! Shanga za huyu ni za Tunu, za Tunu ni za huyu! Nimefanya mimi, bafuni, nimefanya kwa mikono yangu! Anayekufa ni yule, mpelekee yule!"

Sista Kabula hakuuliza mara ya pili. Alizivua shanga mkononi mwa Shija, akarukia kitanda cha jirani, akazivua za Tunu, akazibadilisha. Shanga zikakaa kidogo zikipata joto. Halafu taa ya Tunu ikawaka kwa nguvu na kioo cheusi mwisho wa wodi kikageuka zafarani kizima, jambo ambalo hakuna mama pale aliyewahi kuliona.

Sikudhani aliingia wakati huo, taulo begani, maji yakimtiririka shingoni. Alikuta mfuko unakimbizwa kitandani kwake, na Nyamizi amepiga magoti sakafuni.

"Kuna nini?" akauliza. "Dada, kuna nini? Si alikuwa ametulia?"

*

Tunu alipata mfuko wa mwisho, na jioni hiyo hiyo wakamshusha mpira kooni wakaifunga mishipa iliyokuwa inavuja. Alipona, ikawa bahati. Shija walimtoa damu, wakamwekea maji mahali pake, ipungue uzito. Mdomo ulirudi sawa. Mkono wa kushoto ulirudi nusu: anaweza kubeba kitu, hawezi kufunga kifungo.

Daktari Mlekwa hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alivuta kiti, akakaa, safari hii hakusimama.

"Kwa nini, Mama Shija? Nilikueleza."

"Nilisikia kwamba mashine imefundishwa iwaruke wa selimundu."

"Ulisikia wapi?"

"Kwenye kamba ya nguo."

Daktari akasogeza kiti karibu. "Mwaka juzi Shija aliletwa hapa bandama limevimba, damu yote imejifungia humo, ameshuka mpaka nne. Taa ilimwakia kabla hata sijafika kitandani. Aliongezwa damu akapona. Nani alikuwa amemshika mkono?"

Nyamizi akaitazama mikono yake. Ni yeye aliyekuwa amemshika. Ile taa aliiona, aliilia kwa furaha, aliwasimulia majirani mwezi mzima. Na wiki hii yote haikumjia kichwani hata mara moja. Kijicho kilikuwa kimekwenda mpaka huko nyuma kikaizima.

"Ungeniuliza," daktari akasema. "Nilikuuliza kama una jingine." Halafu akayasugua macho yake. "Na mimi ningekaa. Haya."

Watu wa mjini wakaja, wakatoa agizo kila mama amwogeshe mwanawe mwenyewe. Akina mama wakakataa kwa kauli moja, na Bi Kashindye ndiye aliyesema zaidi ya wote. Wakasema zamu zitabaki, ila Nyamizi hatapewa. Hakuna aliyemtukana. Walimruka tu kwenye zamu, kama yeye alivyodhani mwanawe anarukwa.

Sikudhani hakumsemesha. Walilala kitanda kwa kitanda, wakila, wakikunja shuka, bila neno. Mpaka ikafika zamu yake Sikudhani ya kuogesha.

Alipita kwenye safu akikusanya watoto, mmoja mmoja. Akafika kwa Shija, akasimama. Nyamizi akaushika ule mkono uliopooza wa mwanawe, akawaza kumkatalia, akawaza amwambie nini. Sikudhani akanyoosha mkono wake. Mtoto akaushika, akaenda naye.

Mlango wa bafuni ulifungwa. Nyamizi akasimama nje yake. Hakwenda kwenye foleni ya uji. Aliwaza misumari, na shanga zilizotundikwa, na vidole vya mwanamke mwenye kila sababu. Alisikia maji yakimwagika. Alisikia Shija akisema, "Unasugua kama sufuria," na hakusikia jibu. Hapo ndipo alipojua alichowapa wenzake bila wao kujua, na kwamba sasa kila mama wa wodi ile atasimama nje ya mlango ule hivyo hivyo, siku zote, kwa sababu yake.

Mlango ukafunguka. Sikudhani akamkabidhi mtoto, amefutwa, amepakwa mafuta, bila kumtazama mama. Nyamizi akaukamata mkono, akazitafuta shanga. Uzi wa zambarau ulikuwepo. Ulikuwa umefungwa mafundo mawili.

Kwa hiyo mama unayesoma haya, na unaye mgonjwa wodini, haya ndiyo ya kuepuka:

Usilinganishe namba ya mwanao na ya jirani. Uliza namba yake akiwa mzima ni ngapi, uishike hiyo.

Usidai damu kwa kuwa mwenzio kapewa.

Usiamini taa peke yake. Gusa miguu, tazama midomo, sikiliza pumzi, na ukiona tofauti sema, hata kama kidirisha kinasema shwari.

Mtoto anaongezwa damu akasema kichwa, au mgongo, au baridi, au anajikuna, usimwambie avumilie. Mwite nesi saa hiyo hiyo.

Usiondoke kwa daktari na swali mdomoni. Mshike koti.

Usibebe maneno ya kwenye kamba ya nguo mpaka kitandani.

Usiguse shanga, uzi, wala kitu chochote cha mtoto wa mwingine kinachomtambulisha.

Na siku ukiwa na kijicho na mwenzio, usimwogeshe mwanawe. Sema leo siwezi. Watakununia, watasema unaringa. Acha waseme.